Malalamiko kuhusu ziara ya vidimbwi na mapango, Watamu

Kwa Meneja wa Ziara,
Watamu.

Bwana Meneja,

KUH: ZIARA YA MAJI KUPWA ILIYOFANYWA MAJI YAKIJAA

Jumamosi iliyopita nilimleta wifi yangu na wanawe, wageni kutoka Nakuru, kwenye ziara yenu. Nililipa shilingi 2,500 kwa kila mtu. Tangazo lenu linaahidi vidimbwi vya mwambani na mapango "maji yakiwa yamekupwa kabisa". Nilipopiga simu kabla ya kulipa, msichana wa ofisini aliniambia nisiwe na wasiwasi, maji mmeyaangalia.

Hamkuyaangalia. Ratiba yenu ni saa nne asubuhi kila Jumamosi, mwaka mzima, nami niliyezaliwa pwani hii nashangaa aliyeipanga. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Hapa kwetu mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, saa nne ni wakati mzuri: ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, mwamba wote uko wazi. Wiki moja baadaye, saa iyo hiyo, maji yamejaa, na ni maji mafu ambayo hata yakipwa hayaendi mbali. Jumamosi mwezi ulikuwa wa siku 12. Maji yalikupwa kabla ya saa mbili asubuhi. Gari lenu lilitushusha ufuoni karibu saa tano, yakiwa yanarudi kwa kasi, maana saa ya tatu na ya nne baada ya kupwa ndipo yanapopanda zaidi. Mvuvi yeyote wa Watamu angewaambia hayo bure.

Vidimbwi tulivipitia mbiombio. Kimoja tu ndicho tulichosimama: kaa wadogo, shuri wenye miiba mirefu katika nyufa, na kiti cha pweza chekundu, yule mnyama wa umbo la nyota. Kiongozi akakitoa majini, kikazungushwa mkono kwa mkono kwa ajili ya picha mpaka ncha za mikono yake zikaanza kujikunja. Mnyama huyu hupumua majini kupitia ngozi yake, juani anateseka. Mawe aliyoyapindua kutuonyesha konokono aliyaacha vivyo hivyo, tumbo juu. Na hii ni hifadhi ya bahari tangu 1968, si uwanja wa michezo.

Kisha tukaingizwa pangoni. Tulipoingia maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Pango lile lina mlango mmoja, nao unaelekea baharini. Kiongozi alikuwa bado anaeleza jinsi mwamba ulivyoliwa na mawimbi wakati wimbi la kwanza lilipopiga ukuta wa ndani. Tulitoka maji yakinifika mapajani, mtoto mdogo nimembeba. Kaka yake aliteleza akachanika goti, kwa kuwa mwamba wa matumbawe ni mkali kama wembe na viatu vya mpira mlivyoahidi havikuwepo. Kisanduku cha huduma ya kwanza? Kiko garini, tukaambiwa. Gari liko barabarani.

Sina ugomvi na kijana aliyetuongoza. Ndiye aliyerudi kumshika wifi yangu mkono, na nilipomuuliza kwa nini tumeletwa saa ile alijibu kwa adabu kwamba saa hupangwa ofisini. Barua hii basi ni ya ofisi.

Naomba nirudishiwe pesa zote za wageni wangu pamoja na gharama ya zahanati, risiti nimeambatisha. Saa za ziara zifuate jedwali la maji, watu wafike mwambani angalau saa moja kabla ya maji kukupwa kabisa, na siku za maji mafu ziara ya mapango isiuzwe. Viongozi waelekezwe kuwaacha wanyama walipo na kurudisha kila jiwe wanalolipindua.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nakala nimeipeleka kwa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), wasimamizi wa hifadhi.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Kilifi