Tuandikieni na sisi wa chumba kimoja

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi ni fundi seremala hapa Keko na wateja wangu wengi siku hizi ni vijana wanaofanyia kazi geto, madizaina, wapiga picha, wanaoediti video, washonaji, yaani chumba ndo ofisi ndo kitanda ndo jiko. Lakini gazeti likiandika habari za nyumba ni ghorofa na masofa ya mamilioni tu, huyu aliyepanga chumba kimoja Mwananyamala au Tandika hamumgusi kabisa na anauhitaji ushauri kuliko mwenye ghorofa.

Kijana anakuja na picha kwenye simu, meza kubwa ya umbo la L, anataka vile vile. Mi namwambia kabla hujanipa advansi twende tukapime. Chumba cha futi 10 kwa 12 ni futi za mraba 120, sasa ukiweka kitanda cha sita kwa sita kimeshakula 36, karibu theluthi ya chumba, hiyo L itakaa wapi? Chukua cha nne kwa sita, nyanyua miguu mpaka uvunguni paingie makasha ya vitambaa au mabegi ya kamera, hapo hela ya kabati umeiokoa. Meza ya laptopu upana wa sentimita 60 unatosha na kimo 75, ila mshonaji anayekata kitambaa amesimama apandishe mpaka 90 hivi mgongo usimuue, na hiyo ya kukatia tunaifunga ukutani kwa bawaba na mnyororo, akimaliza anaikunja anapata pa kupita. Mbao nawashauri paini ya Mafinga iliyotiwa dawa, MDF, zile mbao za unga wa miti ulioshindiliwa, ni nzuri kwa macho lakini unyevu wa Dar na maji ya kudekia vikiishika inavimba kwenye kona na hairudi tena.

Ila mbao ni baadae jamani, hela ya kwanza iende kwenye hewa na mwanga. Watu wanadharau hili. Dirisha likiangalia magharibi jua la jioni linaingia lote, ukuta unashika joto na usiku unakutemea wewe, kwa hiyo ukitafuta chumba na dalali muulize dirisha linaangalia wapi kabla hujauliza tailizi. Hapa kwetu upepo wa kaskazi unatoka kaskazini mashariki na wa kusi unatoka kusini mashariki, chumba chenye madirisha mawili pande tofauti kinapitisha upepo, chenye moja hewa inaingia inakwama. Feni ni wati 60 hivi, kiyoyozi kidogo kinakula zaidi ya mara kumi ya hapo, we piga hesabu ya umeme wa LUKU. Na meza iwe ubavuni mwa dirisha, ukilipa mgongo kioo cha kompyuta kinang'aa huoni kitu, ukiliangalia macho yanachoka.

Wanaorekodi sauti nao nawaomba waache kubandika trei za mayai, zile hazizuii kelele za bodaboda hata kidogo. Pazia zito na nguo zilizotundikwa nyuma ya maiki zinapunguza mwangwi, na kurekodi ni usiku mtaa ukishalala.

Kufanyia kazi unapoishi wala sio jambo geni hapa. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita, korido katikati, uani nyuma na baraza mbele, na kwenye ile baraza ndo cherehani ilikaa, mkeka ulisukwa, vitumbua viliuzwa, mtu akimaliza anaingia ndani kulala. Sa hivi wenye nyumba wanavunja baraza wanaweka fremu za maduka za kupangisha na vyumba vya nyuma vinabaki giza mchana, inaniuma sana kuona kijana mwenye kipaji anawasha taa saa sita mchana.

Mwenye nyumba unayejenga sasa, dirisha la pili wakati tofali zinapanda ni gharama ya fremu, grili na wavu tu, ukishapiga plasta na mpangaji keshaingia hakuna atakayelitoboa. Na wewe mhariri, hata mara moja kwa mwezi chapeni ramani ya chumba kimoja kimoja yenye vipimo na bei za mafundi wa hapa mjini, vipimo nitawapa mimi bure.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam