Magari ya umeme sawa, ila plagi ipi?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo linanikaa rohoni. Siku hizi kila kijiwe ni gari ya umeme tu, kwenye kahawa, saluni, mpaka kwenye foleni ya gesi ambako madereva bajaji wana muda mwingi wa kubishana. Vijana wa Subaru wanasema gari isiyo na mlio wa tabo sio gari, mi nawaachia mlio wao, mota ya umeme inavuta palepale unapokanyaga haisubiri tabo ijae. Mimi swali langu ni la plagi.

Jirani yangu hapa Tabata aliagiza Nissan Leaf ya zile za mwanzo kupitia wakala mmoja wa mjini, akaambiwa bosi hii unachaji nusu saa tu unaondoka. Kweli kabisa, ila ni kwenye mashine ya kilowati 50 yenye kichwa cha CHAdeMO, kile cha Kijapani, na hapo wakala akameza mate. Jina lenyewe Wajapani wamelitoa kwenye utani wa kukaribishana chai wakati gari inachaji, sasa jirani yangu hiyo chai anainywa usiku kucha. Gari imekuja na waya wenye plagi ya kwao, fundi akaikata akafunga ya kwetu ya pini tatu, wakachomeka sebuleni pembeni ya friji. Piga hesabu mwenyewe, ampea 13 kwa volti 230 hata kilowati 3 haifiki, betri ni kilowati-saa 24, hapo ni masaa nane mpaka kumi mfululizo! Usiku wa tatu nyumba ikaanza kunuka plastiki, kuja kuangalia soketi imeshalainika kama mshumaa. Plagi ile tumezoea kuchomekea pasi na jagi, dakika chache unazima.

Wenzetu Ulaya mwaka 2014 walitoa agizo kwamba vituo vya kuchaji viwe na plagi ya Type 2 kwa chaji ya kawaida na CCS2 kwa chaji ya haraka, na hata Tesla alipoipeleka Model 3 kule akafunga tundu la CCS. Marekani nako mwaka 2023 Ford na GM wakakubali kuhamia plagi ya Tesla. China wana ya kwao, GB/T. Alafu cheki hii, Nissan wenyewe gari yao nyingine ya umeme, Ariya, ile ya Ulaya na Marekani wameifunga CCS badala ya CHAdeMO, yani mwenye nyumba anahama na sisi ndo kwanza tunashusha magodoro. Mitumba inatoka Japani, mpya zinatoka China, zote zinashukia bandari hii hii, sasa mtu akitaka kuweka mashine ya kuchaji pale Kimara au Morogoro anunue yenye kichwa cha nani? Tuliokuwepo enzi za Nokia ya pini nene na pini nyembamba tunakumbuka tulivyokuwa tunazunguka kuomba chaja.

Umeme wenyewe sina ugomvi nao, bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, na kwa LUKU ya kawaida kujaza ile betri ni kama elfu tisa tu hivi, mwenye IST anajua elfu tisa inamfikisha wapi. Ila joto mhariri! Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, na mwaka 2012 wenye nazo Phoenix kule Arizona walilalamika sana betri zao kuchoka mapema. Na hapa Dar ndo Februari unaijua.

Kwahiyo naomba TBS wa viwango na EWURA wa nishati watuambie wanunuzi, kwa Kiswahili, tujenge kwa plagi ipi, na kila gari ya umeme inayoshuka ibandikwe karatasi kiooni inasema tundu gani na betri imebaki kiasi gani. Ile Leaf kwenye dashibodi ina vijiti 12 vya afya ya betri, ya jirani imekuja na tisa na hakuna aliyemwambia avihesabu kabla hajalipa. Sahivi fundi kamvutia laini yake peke yake ya waya mnene toka kwenye breka, anachaji salama, Kariakoo anaenda na kurudi. Bagamoyo bado hajathubutu.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam