Duka la pili tunalo siku nyingi

Mhariri,

Nimewasoma miaka kumi na tisa bila kuandika hata mstari. Lakini ile habari yenu ya wiki jana, kwamba wenye iPhone huko Ulaya sasa wanapakua programu kwenye maduka mengine mbali na la Apple, imenishinda. Mmeiita neema ambayo Afrika bado inaisubiri. Anaisubiri nani? Njooni Mbuyuni hapa Moshi. Fundi simu mwenye meza ya futi tatu anakuwekea WhatsApp isiyo rasmi, ya bluu au ya dhahabu, chagua mwenyewe, kwa buku tu. Android tunaijua hivyo siku zote.

Tena nusu ya habari mmeiacha. Sheria ya Ulaya ilianza kuwabana Apple Machi 2024, lakini programu ya duka la nje bado inapita kwanza kwenye ukaguzi wa Apple wenyewe. Na juu yao ipo Tume ya Ulaya, iliyowatoza faini ya euro milioni 500 Aprili 2025 kwa kuzuia wateja wasielekezwe kwenye bei nafuu nje ya duka lao. Kule kuna mlango wa kugonga.

Mimi nigonge wapi? Ni fundi cherehani, Majengo. Kabla ya Pasaka ya 2024 nilipungukiwa hela ya zipu na bitana, mteja mmoja akanirushia linki ya programu ya mkopo. Simu ikauliza kama naruhusu chanzo isichokijua, nikaruhusu. Ikauliza kama programu isome majina niliyohifadhi, nikaruhusu pia, maana kila nikikataa inanirudisha mwanzo. Nikaomba 40,000, ikaingia 27,500, nirudishe 40,000 kamili kwa siku saba. Siku ya nane asubuhi mama mmoja wa kwaya kaja na doti mbili za kitenge, nimeshampima kifua, niko mabegani, simu yake ikalia. Akasoma. Akanigeuzia kioo: picha yangu, jina langu, na maneno kwamba tapeli huyu amekuweka mdhamini. Akakunja vitenge polepole, akavirudisha kwenye mfuko, akasema atapita Jumatatu. Ujumbe huo ulifika kwa wateja wote, kwa mchungaji, na kwa baba mkwe Marangu, ambaye meseji husomewa na wajukuu. Jioni ileile nikalipa. Jumatatu ya yule mama haijafika mpaka leo. Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ikatangaza orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Ahsante, nilikuwa nimeshaliwa.

Nikabadilisha simu. Mpya imekuja na duka lake ndani, halifutiki, na usiku linajipakulia michezo kwa bando langu. Bando lenyewe usiniulize! Nisipolimaliza kwa wiki, linakufa na MB zangu. Nikinunua unga kilo mbili ukabaki, Mangi haji jikoni kwangu kuumwaga.

Basi kila boksi la simu liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama za bei, ni programu ngapi zisizofutika zimo ndani. Na programu ya mkopo inayotaka majina ya watu wangu, itangulize ya kwao: jina la mkurugenzi, mtaa anaokaa, na namba ya simu ya baba mkwe wake.

Fundi cherehani,
Majengo, Moshi