Chupa Uliyokuja Nayo Hatuipimi, na Sababu Ni Hii

Mzee mmoja aliingia ofisini kwetu, tunakopima maji ya visima, na karatasi mbili za majibu, akazilaza mezani kama mtu anayefunga mchezo wa karata. Kisima kimoja, majibu mawili. Karatasi yetu ilisema maji yake hayana shida shambani. Ya maabara nyingine, iliyotoka baadaye, ilisema ayatumie kwa tahadhari, udongo utakuja kuziba. "Mmoja wenu kanipiga," akasema. "Na ninyi ndio mliochukua hela nyingi."

Nikamuuliza hayo maji ya pili aliyachota vipi. Aliyachota mwenyewe, kwenye chupa ya juisi aliyoisuuza vizuri, ikakaa garini siku nne mpaka alipopata nafasi ya kuipeleka. Bahati nzuri chupa alikuwa nayo bado. Tukaipasua kwa kisu, nikamwambia apitishe kidole ndani. Ukutani kulikuwa na ukoko mweupe, unakwaruza kama msasa laini. "Mzee, hii ndiyo kalsiamu yako iliyopotea kwenye karatasi."

Maji yakiwa chini ya ardhi hubeba kabonidioksaidi nyingi. Yakifika juu, gesi hiyo hutoroka kama kwenye soda iliyofunguliwa, pH inapanda (yaani uasidi unapungua), kisha kalsiamu na bikaboneti hushikana na kuganda kuwa chokaa. Kwetu, kwa milikwivalenti kwa lita (kipimo kinachohesabu chaji za chumvi), tulipata sodiamu 8, kalsiamu 4, magnesi 2. Ukipiga hesabu ya SAR, yaani nguvu ya sodiamu ikilinganishwa na hizo mbili, unapata 4.6. Kwenye chupa ya juisi kalsiamu ilishuka hadi 1.5, na SAR ikaruka mpaka 6 na ushee bila sodiamu kuongezeka hata chembe. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, unasema SAR ikiwa kati ya 3 na 6, udongo hauna hatari ya kuziba mradi upitishaji umeme wa maji, ambao hupanda kadiri chumvi inavyoongezeka, uzidi 1.2 desisimensi kwa mita. Ikivuka 6, upitishaji huo unatakiwa uzidi 1.9. Maji ya mzee yalikuwa 1.3. (Ndiyo, umesoma sawa: kwa suala la udongo kuziba, maji yenye chumvi kidogo mno nayo ni tatizo.)

Wenzetu wa maabara ile hawakukosea. Walipima kwa usahihi kilichokuwa ndani ya chupa. Hata ule ukaguzi wa kawaida, wa kulinganisha chaji chanya na chaji hasi zisiachane kwa zaidi ya asilimia 5, usingewashtua, maana chokaa inapoganda inaondoka na kiasi kilekile kutoka pande zote mbili. Kosa la namna hii halionekani ukiwa maabara. Linaonekana kwa aliyepima pH, upitishaji umeme na bikaboneti palepale kisimani.

Sasa lalamiko kubwa: "Nalipia saa nzima fundi wenu amesimama anaangalia maji yanamwagika." Ni kweli, anasimama. Kesingi, yaani bomba linaloshikilia kuta za kisima, ya milimita 150 yenye mita 40 za maji ina zaidi ya lita 700, na maji hayo yamelala humo yakigusana na chuma na hewa. Siyo maji ya mwamba. Tunayatoa mara tatu ya ujazo huo, lita 2,100 hivi, na bado hatuchukui sampuli mpaka joto, pH na upitishaji umeme vitulie. Pampu ikitoa lita 2,000 kwa saa, piga hesabu mwenyewe hiyo saa inatoka wapi.

Halafu chupa. Mama mmoja alituuliza kwa ukali, chupa tatu za nini na maji ni yaleyale? Alidhani tunanenepesha bili. Moja ni ya chumvi za kawaida. Ya pili ni ya metali: maji yake yanachujwa kwa kichujio cha maikroni 0.45 kisha yanatiwa asidi ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2. Usipofanya hivyo, chuma kilichotoka kikiwa hakionekani kinageuka kutu na kutuama, kikivuta sumu ya aseniki pamoja nacho. Ya tatu ni ya bakteria, imetakaswa, inakwenda kwenye barafu na kufika maabara ndani ya saa 24. Asidi ya chupa ya pili ingewaua bakteria wa chupa ya tatu, nawe ungeambiwa maji ni salama.

Njia ya mkato tunayoiogopa zaidi ni kile kikalamu cha kupimia chumvi. Kuna familia iliyotuonyesha namba 400, yaani chumvi kidogo, kwa furaha kabisa: maji matamu, laini, sabuni inatoa povu upesi. Kisima kimeshachimbwa, tangi limepanda, mabomba yamefika jikoni. Mimi nikisikia "laini" mahali penye miamba ya volkano nashtuka, kwa sababu kalsiamu ikiwa kidogo hakuna cha kuizuia floraidi, inayoharibu meno na mifupa ikizidi, isiyeyuke. Ikaonekana imepita kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita, tena kwa mbali. Kikalamu hakiwezi kuijua floraidi. Wala kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki palepale. Nitrati, ile inayotoka kwenye mbolea na vyoo, nayo ni hivyohivyo.

Na kwa kuwa nimeitaja nitrati, wakati mwingine karatasi mbili hazipingani kabisa. Moja imeandika miligramu 44 kwa lita, nyingine 10, mteja anapandisha hasira. Ya kwanza ni nitrati yenyewe, ya pili ni nitrojeni iliyomo ndani yake. Ni kitu kilekile, na kiwango cha WHO cha 50 ni sawa na 11 hivi kwa hesabu ya nitrojeni. Soma kipimo kilichoandikwa pembeni kabla hujatupigia.

Ukitaka kupunguza gharama, tuambie maji ni ya nini. Ya kumwagilia miti hayahitaji orodha yote ya maji ya kunywa, ingawa boroni, inayodhuru mimea ikizidi, hatuiachi. Tutakata vipimo, ila saa ya kusimama kisimani hatuikati.

Yule mzee tulirudi naye. Alishika ndoo mwenyewe, akasoma namba kwenye kifaa mara tatu mpaka zikafanana, nasi tukachota. Majibu yalikaribiana sana na yale yetu ya kwanza. Bei bado anailalamikia.

Kama umetia klorini, dawa ya kuua vijidudu, kisimani siku za karibuni, tuambie kabla hatujafunga safari.