Hiyo asilimia ni ya nani kati ya nani?

Mambo vipi ndugu yangu,

Meseji yako nimeisoma, na hilo swali la kwa nini asilimia zako hazifanani na za mwenzako wakati data ni ile ile nataka nikujibu vizuri maana ndo penyewe hapo. Kuhesabu sio kazi, kwenye R, ile programu ya takwimu, unaandika table() unaweka kolamu yako inakupa idadi ya kila kundi, ukitaka uwiano unaipitisha kwenye prop.table(), zidisha kwa 100 ushapata asilimia, basi. Kazi ni kujua unagawanya kwa jumla ipi.

Hebu jaribu data ya Titanic, ile meli iliyozama, imo ndani ya R tayari, watu 2201. Andika meli <- margin.table(Titanic, c(1, 4)) utapata jedwali la madaraja, waliopona na waliokufa. Sasa prop.table(meli, 1) inagawanya kwa jumla ya kila mstari, daraja la kwanza wamepona 203 kati ya 325 yaani asilimia 62.5, wafanyakazi wa meli 212 kati ya 885, asilimia 24 tu, wako chini hata ya daraja la tatu lenye 25.2. Afu hiyo 1 badilisha weka 2, hapo inagawanya kwa jumla ya kila kolamu, waliopona wote ni 711, na wafanyakazi wale wale wanakuwa asilimia 29.8, kundi kubwa kuliko yote! Usipoweka namba kabisa inagawanya kwa wote 2201 na unapata 9.6. Watu ni wale wale 212, na majibu yote matatu ni sahihi, ila kila moja linajibu swali lake. Mtu akisema "wafanyakazi ndo walipona zaidi" wakati wengi wao walizama, mi inaniuma kweli, maana msomaji hana namna ya kujua.

Kitu kingine angalia wasiojibu. table() inawaacha NA (alama ya R ya jibu lisilokuwepo) kimya kimya bila kukuambia, mpaka uweke useNA = "ifany". Mwenzako si anatumia SPSS, programu nyingine ya takwimu? Huko kuna kolamu mbili, Percent inahesabu na wasiojibu, Valid Percent inawatoa. Tuseme dodoso la watu 200, 40 hawakujibu, 80 wakasema ndiyo: Percent itakupa 40, Valid Percent 50. Nahisi ndo kilichowatenganisha nyie.

Na kwenye ile picha uliyonitumia naona "Ndiyo" na "ndiyo" zimekaa kama makundi mawili, pitisha tolower() (inafanya herufi zote kuwa ndogo) na trimws() (inaondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni) kwanza kabla hujahesabu chochote.

Ukimaliza nitumie jedwali lenye idadi zenyewe, sio asilimia peke yake, uliwekee na addmargins() nizione jumla, afu mwulize mwenzako yeye aligawanya kwa ngapi.

Wako wa siku zote