Shangazi, kabla hujalipia hiyo tiketi ya kupitia Dubai

Shangazi shikamoo. Nimesikia ushapata tiketi ya bei nafuu ya kupitia Dubai na wiki hii unataka kulipa, nakuomba subiri kidogo unisome kwanza, na naandika hapa wazi manake najua kuna mashangazi wengine kibao huko Mombasa wanapiga hesabu ya safari hii hii ya kuja New York kuona wajukuu.

Kutoka Nairobi mpaka JFK, uwanja wa ndege wa hapa New York, kwa njia fupi kabisa ya angani ni kama kilomita 11,800. Sasa ukipitia Dubai unaenda kwanza upande ambao siko, kilomita 3,500 na kitu, alafu kutoka Dubai kuja huku ni 11,000 zingine. Yaani ushakaa masaa matano kwenye ndege, umeshuka, umesubiri uwanjani na miguu yako hiyo, na safari iliyobaki inakaribia kuwa sawa na ile ungeanza nayo Nairobi! Hiyo ndo inaniuma.

Ya moja kwa moja ipo, Kenya Airways waliianza tarehe 28 Oktoba 2018, inachukua kama masaa 15 kuja na kama 14 kurudi. Watu watakwambia ni kwa sababu dunia inazunguka, sio hivyo, hewa yote inazunguka pamoja na dunia, ni ule upepo mkali wa huko juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ukija unawapiga usoni, ukirudi unawasukuma.

Inaondoka usiku, karibu saa sita, na mimi naona ni saa nzuri sana kwa sababu uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ya pale ni nyepesi na ndege ikibeba mafuta ya masaa yote hayo inakuwa nzito, kwa hiyo baridi ya usiku inaisaidia kupaa. Unafika asubuhi ya saa za huku, tuko nyuma yenu masaa 8, kiangazi 7. Na usiingiwe na wasiwasi ukiamka uone kwenye skrini bado mko juu ya Sahara, kwa njia hiyo fupi nusu ya safari ni Morocco, Afrika ni kubwa shangazi, baada ya hapo ni bahari tu.

Kitu ninachokuombea sana ni miguu. Kukaa zaidi ya masaa 4 bila kusogea kunaongeza hatari ya damu kuganda, na wewe una presha, kwa hiyo tutachukua siti ya kando ya njia uwe unainuka unatembea bila kuomba mtu akupishe, maji unywe, na kabla ya safari umuulize daktari wako kuhusu zile soksi za kubana. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye sanduku.

Treni chukua ya siku moja kabla, inakushusha Syokimau na hapo uwanja hauko mbali, ulale Nairobi upumzike.

Tofauti ya bei naongeza mimi, usibishane na mimi kwa hilo. Nitumie jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti na tarehe unayotaka, nikate leo leo.