Akili mnemba isimwondoe daktari kwenye picha za utumbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kidonge chenye kamera, ambacho mgonjwa hukimeza ili kipige picha za utumbo mwembamba. Kikipiga picha mbili kila sekunde kwa saa nane, daktari huletewa picha zaidi ya 50,000, na kidonda kinachovuja damu huenda kikaonekana katika moja au mbili tu.

Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 6,970 wa vituo 77, ulionyesha kuwa madaktari waliosaidiwa na akili mnemba, yaani programu ya kompyuta inayowateulia picha zenye dalili za kasoro, walitumia wastani wa dakika 6 hivi kwa kila mgonjwa badala ya 97 hivi, na kasoro zilizowapita zilikuwa chache zaidi.

Hata hivyo, siafiki daktari kutazama picha zilizoteuliwa na mashine pekee. Nyongo, mapovu na mabaki ya chakula huweza kuipotosha programu, na isichofundishwa, mathalani minyoo ya safura iliyong'ang'ania ukuta wa utumbo, inaweza kukipita bila kukitambua. Hospitali inayotaka kuinunua (na wauzaji wana maneno matamu) iijaribu kwanza kwa picha za wagonjwa wake zilizokwisha kusomwa na madaktari.

Msomaji wako,
Morogoro